Mtondo ni lini?

*Kikundi: Wajukuu wa Pangani. Jumanne usiku.*

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Bibi anasema anakuja Tanga mtondo, apokelewe stendi.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Aje salama.

Idi (Leicester, Uingereza): Mtondo ndiyo lini jamani?

Mjomba Hamadi: Leo Jumanne. Kesho, kesho kutwa, halafu mtondo. Ijumaa hiyo. Jumamosi ni mtondogoo.

Idi: Duh. Huku hata kesho kutwa haina neno lake. Lazima useme the day after tomorrow, maneno manne.

Mjomba Hamadi: Walikuwa nalo, Idi. Overmorrow. Limo kwenye Biblia ya Coverdale ya 1535, kitabu cha Tobiti: Tobia anamwamsha Sara usiku wa harusi yao, waombe leo, kesho na overmorrow. Juzi nayo waliiita ereyesterday. Wakayaacha yote mawili yakapotea. Wajerumani mpaka leo wanasema übermorgen.

Salma: Sasa neno zuri hivyo waliliachaje?

Mjomba Hamadi: Kama Idi alivyoliacha mtondo. Halikutajwa nyumbani, basi.

Idi: Kweli Mjomba. Mama alikuwa akilisema, mimi sikulishika.

Idi: Na fortnight? Kazini wanalitumia kila siku.

Mjomba Hamadi: Hilo ndilo lililopona. Ni fourteen nights, limebanwa likawa moja. Waingereza wa kale walihesabu kwa usiku. Wiki waliiita sennight, usiku saba, ila hilo halikupona.

Shangazi Mwanaidi: Kumbe kama sisi! Magharibi ya leo ikishaingia, huo ni usiku wa Jumatano.

Salma: Mjomba nipe lingine, la zamani kabisa.

Mjomba Hamadi: Nilipendalo kuliko yote ni uhtceare. Uhta ni ule wakati wa mwisho wa usiku, hakujapambazuka. Ceare ni majonzi. Limo katika shairi la mke anayelalamika, mumewe kamwacha kavuka mawimbi, naye hajui yuko nchi gani. Shairi lenyewe limehifadhiwa katika kitabu cha mkono cha karne ya 10, kipo kanisa kuu la Exeter. Miaka yote niliyofundisha Kiingereza sikupata neno moja la leo la kuliziba pengo lake.

Zuhura: Nimemsomea Bibi. Kanyamaza kwanza. Sasa anasema niandike hivi:

Zuhura: "Hamadi, huyo mwanamke namjua. Babu yenu akiwa safarini na jahazi, usiku wa manane nililala. Majogoo ndiyo yalinishinda. Jogoo wa kwanza akiwika mimi macho, nasikiliza kusi linavyopiga makuti, nahesabu: kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo. Alisema atarudi mtondogoo."

Shangazi Mwanaidi: Mama hajawahi kutuambia haya.

Idi: Alirudi mtondogoo kweli?

Zuhura: Anasema siku ya tisa. Tanga la jahazi lilichanika, wakajibanza Kipumbwi.

Salma: Bibi, nikija kukupokea unihadithie yote. Naja na daftari.

Zuhura: Anasema njoo. Basi la saa mbili asubuhi, na ana kapu la dagaa, usije peke yako.

Salma: Mtondo, saa nne, stendi. Nitakuwepo na kaka.