Viazi kama mlo mkuu: mchuzi wa sufuria moja, kuoka au kimanda?

Bi Mwiko (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, naomba tulinganishe kwa makini njia za kupika viazi mviringo viwe mlo wenyewe, si kisindikizo cha nyama. Ninazozifikiria ni tatu: mchuzi mzito wa viazi na maharage unaopikwa katika sufuria moja, viazi vizima vya kuoka vinavyopasuliwa na kujazwa, na kimanda kinene cha viazi na mayai. Chakula kinapaswa kuwashibisha watu wanne barabara, kisidai viungo vingi, na kisimfunge mpishi jikoni jioni nzima. Viazi vya kuzamishwa katika mafuta nimeviacha kwa makusudi, kwa sababu ni vitamu lakini vinakula mafuta mengi na vinahitaji mtu wa kuvisimamia dakika zote. Anayependekeza njia yoyote tafadhali aeleze sababu zake, maana majina ya vyakula sote tunayafahamu.

Sufuria Nzito

Bi Mwiko, mimi ni wa mchuzi. Karibu asilimia 80 ya kiazi kibichi ni maji, na kila gramu 100 zina takriban gramu 2 tu za protini. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mlo wowote wa viazi ni mwenzake atakuwa nani. Maharage yaliyokwisha kuchemshwa yanalijibu vizuri kuliko kitu kingine cha bei yake, na yanakaa katika sufuria ileile bila kuongeza kazi.

Kwa watu wanne chukua kilo moja ya viazi, vikombe viwili vya maharage yaliyoiva, vitunguu viwili, nyanya tatu, kitunguu saumu na bizari. Kaanga kitunguu polepole mpaka kiwe cha rangi ya dhahabu, tia kitunguu saumu na bizari, kisha viazi vilivyokatwa vipande vikubwa pamoja na maji ya kuvifunika na chumvi. Nyanya zisubiri. Wapishi wengi huzitangulizia, kisha wanashangaa viazi vimekaa motoni muda mrefu na bado ni vigumu katikati. Sababu ni kwamba asidi ya nyanya huichelewesha pektini, ile gundi inayoshikanisha seli za kiazi, isiyeyuke. Viazi vikianza kupitisha ncha ya kisu ndipo zitiwe nyanya zilizosagwa na maharage, na baada ya dakika 10 au 15 chakula kimekamilika.

Uzito wa mchuzi hautafutwi kwa unga. Ponda vipande vinne au vitano kwa mwiko kwenye ukingo wa sufuria, uvikoroge humo humo, na utauona mchuzi ukibadilika kutoka maji hadi kitu kinachoshika kijiko.

Mpishi Mtulivu

Namheshimu ndugu yangu wa hapo juu, lakini kigezo cha kutomfunga mpishi jikoni kinaelekea kwenye kuoka. Osha viazi, vikaushe kabisa, vidunge kwa uma, vipake mafuta kidogo na chumvi, kisha uviweke katika oveni yenye nyuzi 200 za Selsiasi. Kiazi cha gramu 250 huchukua kama saa moja, na katika saa hiyo hudaiwi chochote. Usivifunge kwa karatasi ya alumini, kwa kuwa mvuke hubaki ndani na ganda likatoka laini na lenye unyevu, ilhali nusu ya raha ya kiazi cha kuoka ni ganda linalolia likikatwa. Vikitoka tu, vipasue msalaba na uvibinye chini kwa vidole vilivyokingwa na kitambaa: mvuke unatoka, na nyama yake ya ndani inafunguka ikawa nyepesi. Ukivichelewesha dakika 10 bila kuvipasua vinajipika kwa mvuke wake na kuwa vizito.

Kuhusu kushibisha, liko jambo la kupimika. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, walilinganisha vyakula 38 kwa sehemu zenye nishati sawa, na viazi vya kuchemsha ndivyo vilivyoongoza kwa kushibisha, vikipata alama 323 pale ambapo mkate mweupe ulipewa 100. Viliwashinda hata nyama na samaki. Walivyopima ni vya kuchemsha, si vya kuoka, nami sidai zaidi ya hapo. Lakini mlaji wa kiazi kizima pamoja na ganda lake na kijiko kizuri cha maharage, samaki wa kopo au jibini hataondoka mezani akitafuta mkate.

Karai

Hoja ya oveni ni nzuri kwa mwenye oveni, na hata huyo analipia saa nzima ya moto kwa ajili ya viazi vinne. Kimanda kinahitaji jiko moja na kikaango kimoja. Gramu 600 za viazi hukatwa vipande vyembamba vya milimita 3 hivi, vikapikwa na kitunguu katika mafuta kwa moto mdogo, kikaango kikiwa kimefunikwa, mpaka vilainike bila kugeuka kahawia. Chuja mafuta, changanya viazi vikiwa vya moto na mayai 6 yaliyopigwa na kutiwa chumvi, uviache dakika 10 vinywe yai, kisha urudishe vyote kikaangoni. Kingo zikishikamana na katikati kukiwa bado kunatikisika, funika kwa sahani pana, pindua kwa mkono ulio thabiti, na utelezeshe upande mbichi urudi chini.

Mayai 6 yanaleta karibu gramu 36 za protini, hivyo mwenzake Sufuria Nzito anayemtafuta yumo tayari. Nakubali kwamba mpishi atasimama jikoni kama dakika 40. Faida yake kubwa ni kwamba kimanda hiki huliwa cha moto au kikiwa kimepoa, wala hakipotezi ladha, jambo ambalo kiazi cha kuoka hakiliwezi.

Bi Mwiko

Nashukuru sana. Nauliza jambo moja ambalo naona linazigusa njia zote: je, kiazi chochote kinafaa popote? Kuna viazi vinavyosambaratika katika mchuzi na vingine vinavyobaki vipande vizima hata ukivisahau motoni.

Bizari

Dada, umegusa penyewe, na mimi naliona hili kuwa na uzito kuliko uchaguzi wa njia. Viazi vyenye wanga mwingi huwa vya ungaunga vikiiva: hivyo ndivyo vya kuoka na kuponda. Vyenye wanga kidogo hushikamana, navyo ni vya mchuzi na kimanda. Ukiwa na shaka, changanya sehemu 1 ya chumvi na sehemu 11 za maji, uvitumbukize vikiwa vibichi. Vya ungaunga ni vizito zaidi kwa ujazo wake na huzama, vile vingine huelea. Ukiwa na vya ungaunga tu, pika mchuzi wako kwa vipande vikubwa zaidi na moto mdogo, nao utapendeza.

Ningeongeza njia ya nne kwa ufupi: nyama ya kusaga iliyopikwa na karoti na kitunguu, ikafunikwa kwa tabaka la viazi vya kuponda na kuokwa mpaka juu pawe kahawia. Viponde kwa mkono. Mashine ya kusagia hupasua chembe za wanga na kutoa kitu kinachonata ambacho hakuna siagi inayoweza kukiokoa.

Na kwa njia zote, sehemu za kijani na machipukizi zikatwe na kutupwa, na kiazi kilichokuwa kijani sana kitupwe chote, kwa sababu sumu iliyomo, iitwayo solanini, haiharibiwi na kuchemsha. Viazi vibichi vihifadhiwe gizani penye ubaridi wa kiasi, nje ya friji. Baridi kali hugeuza wanga kuwa sukari, na sukari hiyo huvifanya viwe vyeusi upesi vikiokwa au kukaangwa.

Bi Mwiko

Basi siku za kazi nitashika mchuzi, kwa sababu oveni kwa saa nzima ni gharama kwangu, na kuoka nitakuwekea siku za mapumziko, Mpishi Mtulivu. Karai, kimanda chako kinanivutia, ila dakika 40 za kusimama ni nyingi. Je, viazi vilivyochemshwa jana vinaweza kutumika?

Karai

Vinaweza, na jioni yenye haraka hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza. Vichemshe na maganda yake, ukianzia maji baridi ili viive sawasawa ndani na nje, uviache vipoe kabisa kabla ya kuviweka kwenye friji. Wanga uliopoa hukaza, kwa hiyo vitakatika vipande safi visivyovunjika. Siku ya pili kaanga kitunguu peke yake, tia viazi vipate moto, kisha mayai. Utakuwa mezani baada ya dakika 15 au 20. Ladha haitazama ndani kama katika njia ndefu, kwa hiyo ongeza chumvi kidogo kwenye mayai na uwe mkarimu wa kitunguu.