Naenda Ujerumani kusoma. Je, mpira wa ligi niuache Nairobi?

BekiTatu_Umoja

Habari zenu wakuu. Mimi ni kijana wa Umoja, miaka 24, beki wa kushoto. Nimepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili ya uhandisi kule Dortmund, masomo yanaanza Oktoba. Viza imetoka wiki jana na nyumbani ni shangwe tupu. Mimi pia nimefurahi, lakini kuna jambo linaninyima usingizi na sina wa kumuuliza.

Nimecheza mpira tangu darasa la tano. Nilikuwa kwenye timu ya chuo, na hadi sasa wikendi nachezea timu ya mtaa iliyosajiliwa ligi ya kaunti. Nimecheza mashindano ya mtaani ya Koth Biro mara mbili pale Ziwani, na yeyote aliyewahi kurusha mpira pale huku mgongo wake unagusana na watazamaji anajua ninachokizungumzia.

Mama anasema njumu nisizipakie. Ile akaunti inayotakiwa kwa viza, ambayo inakupa euro 992 kwa mwezi mwaka mzima, tuliijaza kwa kuuza nusu ya shamba la Murang'a. Kwa hivyo akisema "unaenda kusoma" namwelewa vizuri sana. Hofu yake kubwa ni nivunjike mguu mahali ambapo hana njia ya kufika.

Naombeni mnieleze: timu ya chuo huko inachaguliwa vipi? Masomo na mazoezi yanaenda pamoja? Na nikiumia je?

---

Kiungo_Jericho

Hongera kijana. Zipakie. Nimesoma Bochum miaka mitatu, jirani kabisa na Dortmund, treni ni kama dakika kumi na kidogo. Nimerudi Nairobi mwaka juzi.

Kwanza, habari ya timu ya chuo isahau. Hapa kwetu ukiwa mzuri unavaa jezi ya chuo na basi la chuo linawapeleka mechi. Kule chuo kina idara yake ya michezo, Hochschulsport, unajiandikisha kwenye intaneti mwanzo wa muhula, unalipa pesa kidogo, unacheza na yeyote aliyefika siku hiyo. Inakutoa jasho, basi. Ligi yenyewe iko kwenye Verein, klabu za mtaa ambazo wanachama hulipa ada na kuziendesha wenyewe. Ngazi za chini zinaitwa Kreisliga, A, B, C, mahali pengine mpaka D. Tafuta klabu iliyo karibu na utakapolala, mwandikie kocha, mwambie unacheza namba ngapi, uliza mazoezi ni lini. Nenda na njumu zako.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Oktoba, jioni. Nafika uwanjani taa zimewashwa, naona uwanja ni mwekundu. Nilisimama langoni nikashindwa kuingia. Eneo lile la migodi ya makaa bado lina viwanja vya zamani vya changarawe nyekundu, na wenyeji hawavipendi kwa sababu ukiteleza unachubuka goti. Mimi nimekulia kwenye vumbi la Eastlands. Ule mpira ulikuwa unadunda kombo kombo namna ileile ninayoijua, na pasi yangu ya kwanza niliituliza kwa paja kabla yule winga hajaamua aende upande gani. Wiki tatu nilikuwa sijazungumza na mtu zaidi ya salamu, na usiku huo watu wanane waliniuliza jina langu.

Kijerumani nacho nilikipata pale. Siku za mwanzo nilikuwa napokonywa mpira kutoka nyuma huku wenzangu wakipiga kelele "Hintermann!" nami sielewi. Maana yake kuna mtu mgongoni kwako. Hilo darasani hawakunifundisha.

Sasa jambo lililonifanya niandike yote haya. Wewe umesajiliwa hapa. Kwa sheria za FIFA, mchezaji aliyesajiliwa nchi moja haandikishwi nchi nyingine mpaka shirikisho la kwanza litoe cheti cha uhamisho wa kimataifa, hata kama ni mchezaji wa ridhaa asiyelipwa hata senti. Klabu yako mpya itajaza fomu, shirikisho la kule litaandikia la huku. Fomu itakuuliza umewahi kuchezea wapi. Usidanganye ili mambo yaende haraka. Mimi sikudanganya, lakini timu yangu ya hapa ilikuwa imeniandika majina mawili, moja limekosewa herufi, na pasipoti ina matatu. Barua zikaenda, zikarudi. Mazoezi nilianza Oktoba, mechi yangu ya kwanza ilikuwa Machi. Jumapili zote za katikati nilisimama nje ya mstari nimeshika majaketi ya wenzangu.

Nenda kwa katibu wa timu yako wiki hii. Usikubali kuambiwa kwa simu kwamba kila kitu kiko sawa. Uone usajili kwa macho yako, jina kwa jina, tarehe kwa tarehe, pasipoti ikiwa mkononi.

Kuhusu masomo, kalenda iko upande wako. Mazoezi ni mara mbili kwa wiki, jioni, mechi Jumapili. Ligi inalala kwa sababu ya baridi kuanzia Desemba, na mitihani ya muhula wa kwanza inakuja Februari. Mitihani ya muhula wa pili ni Julai na Agosti, msimu umekwisha.

---

Injinia_Kasarani

Mimi ushauri wangu ni tofauti kidogo. Kalenda iko sawa kama alivyosema Kiungo, ila hakutaja kazi. Ile 992 ukitoa kodi ya chumba na bima, kinachobaki ni kidogo, utatafuta kibarua, na vibarua vingi vya wanafunzi ni wikendi. Nilikuwa napanga bidhaa Jumamosi, nacheza Jumapili, Jumatatu nalala darasani. Somo moja nililifeli mara mbili, na vyuo vingi kule mtihani mmoja una nafasi tatu tu, ukifeli ya tatu umeondolewa kwenye kozi. Ile ya tatu niliifanya mikono ikitetemeka. Kijana, fanya mazoezi kuanzia Oktoba, lakini mechi zisubiri mpaka upite mitihani ya kwanza. Shamba la Murang'a halitarudi.

---

Dada_Namba_Sita

Kaka, mimi nijibu la kuumia, kwa sababu nilikata mshipa wa goti kwenye mechi ya ligi ya wanawake, msimu wangu wa pili. Niko Essen mpaka leo, nyumbani ni Kawangware.

Bima ya afya ya umma, ambayo ukiwa mwanafunzi wa chini ya miaka 30 unaipata kwa ada ya wanafunzi, ililipia upasuaji na mazoezi ya viungo. Mimi nilitoa euro 10 kwa kila siku niliyolazwa. Pesa haikuwa shida.

Shida ilikuwa ngazi. Nakaa ghorofa ya nne na lifti hakuna. Siku ya kutoka hospitali nilikaa ngazi ya chini na magongo yangu, nikaanza kulia. Kipa wetu alinibeba mgongoni, ghorofa zote nne, huku mama yake anafuata na begi langu. Kisha wakapanga zamu. Kwa wiki tano kila jioni kulikuwa na mtu mlangoni na chakula, na kuna mmoja aliyetafuta namna ya kupika sima akaipika, ikawa laini kama uji, nikaimaliza yote.

Darasani tulikuwa zaidi ya mia. Hakuna aliyejua nimeumia. Hilo ndilo la kumwambia mama.

---

BekiTatu_Umoja

Asanteni sana, kila mmoja wenu. Injinia, nimekusikia: mazoezi Oktoba, mechi baada ya mitihani.

Jana jioni nilimfuata katibu pale uwanja wa Camp Toyoyo. Majina yako sawa yote matatu. Mwezi wa kuzaliwa si wangu. Amesema Jumatatu tunaenda pamoja kuurekebisha, na nimemwambia nitakuja kumchukua nyumbani kwake mwenyewe.

Mama nimemsomea ujumbe wa dada, mwanzo hadi mwisho. Alinyamaza kitambo, halafu akaniuliza chumba changu kiko ghorofa ya ngapi. Barua ya hosteli haijasema. Leo nimewaandikia kuwauliza.

Swali la mwisho, Kiungo: njumu nibebe zipi? Nina za meno ya chuma na za plastiki.

---

Kiungo_Jericho

Za plastiki, zenye meno mengi mafupi. Viwanja vingi ni nyasi bandia na za chuma haziruhusiwi hapo. Zile za chuma mwachie mdogo wako wa timu.