Naomba msaada: "muruwa" ni sifa ya mwanamume tu?

Ndugu zangu, habari za leo. Mdogo wangu anaoa mwezi ujao hapa Tanga, na mimi ndiye niliyepewa kuandika risala. Marehemu babu yetu, aliyetulea, akimsifu kijana alikuwa akisema "huyu ana muruwa", na natamani neno hilo likae mwanzoni kabisa.

Lakini siku hizi nalisikia zaidi kwa watangazaji wa mpira: "pasi muruwa", yaani nzuri. Nikamuuliza maalimu mmoja. Akanieleza kuwa asili yake ni Kiarabu, muruu'a, kutoka mar', mtu mwanamume, mzizi mmoja na jina la mshairi wa kale Imru' al-Qays. Kwa Waarabu wa kabla ya Uislamu lilikusanya ushujaa, ukarimu, subira na kutimiza ahadi. Baadaye likaingia hata kwenye fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu: shahidi hutazamwa muruwa wake, na vitabu vya madhehebu ya Shafi'i hutoa mfano wa mtu anayekula sokoni, kwamba huyo amepungukiwa na muruwa. Hapo nilimkumbuka babu, maana hakuturuhusu kabisa kula njiani!

Sasa nishaurini. Nikisema bwana harusi ana muruwa, wageni wataelewa utu na heshima, au watadhani nasifia sura? Bibi harusi naye anaweza kusifiwa kwa neno hilo hilo? Kuna aliyenipendekezea "rijali", ila mimi naona linaegemea mno nguvu za mwili. Wenzangu wa Pemba, Unguja na Lamu, kwenu wazee wanalitumiaje?