Yule mheshimiwa wa PHP kanivua nguo mbele ya wakulima, wana Mtwara njooni

Wakuu, leo sisalimii mtu. Nipo kibarazani Chuno, laptopu bado ya moto na vidole vinatetemeka.

Simtaji. Mnamjua. Yule wa miwani ya kamba shingoni, kila sentensi inaanza na "sisi wa zamani". Kuanzia Mikindani mpaka Naliendele hakuna aliyewahi kuwasha kompyuta akaacha kusimangwa naye.

Nimekitengenezea chama chetu cha msingi kijimfumo cha PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, cha kuonyesha bei za mnada wa korosho. Bei ya juu nilikuwa naitafuta kwa foreach, yaani kupitia bei moja moja, mistari saba, inatembea kama punda wa maji lakini inafika. Wiki iliyopita mheshimiwa akachungulia, akaguna. "Mwanangu, PHP ina funksheni tele, amri za tayari, za kushughulikia arei, yaani orodha, wewe unazunguka kama unatafuta kuku aliyepotea? Weka rsort, inapanga kutoka kubwa kwenda ndogo, ya juu inakaa mbele yenyewe."

Nikafuta mistari yangu saba. Nikaweka `$juu = rsort($bei);`

Leo asubuhi ukumbi umejaa. Projekta ya kuazima, wazee wa mbele na kofia zao. Nabonyeza.

BEI YA JUU KWA KILO: 1

Moja! Mzee mmoja akanyoosha mkono kwa adabu zote: "Kijana, hiyo shilingi moja ni ya kilo au ya gunia?"

Nikamgeukia mheshimiwa anisitiri. Angesingizia umeme basi, hata projekta. Akainuka polepole, akavaa miwani: "Mwanangu, rudi tu ukabangue korosho."

Ukumbi ukaanguka. Watu walicheka mpaka mbuzi wa nje wakakimbia. Mama mmoja kapiga kigelegele, sijui cha nini.

Kumbe rsort haikupi orodha yoyote. Inaipanga ileile papo hapo, halafu inakujibu true, yaani kazi imefanyika, na true ukiichapa inatoka 1. Nani aliwaza hivyo? Mbona array_reverse ya kugeuza mpangilio inakukabidhi arei mpya kistaarabu? Halafu array_map ya kubadilisha kila kimoja inataka funksheni kwanza ndipo arei, array_filter ya kuchuja inataka arei kwanza ndipo funksheni. Hawa wamelelewa nyumba moja kweli?

Rudi ukabangue korosho. Mimi! Na baba wa mchumba wangu alikuwa mstari wa tatu.

Pweza Mkavu: Nimekaa hapa na kahawa na kashata. Endelea mkuu.

Fundi Ligula: Swali dogo. Ule mstari wa rsort aliuandika nani?

Mwenye uzi: Mimi, ila kwa maelekezo yake.

Fundi Ligula: Alisema ya juu inakaa mbele. Ilikaa. Ilikuwa `$bei[0]`, ya kwanza kwenye arei maana kuhesabu kunaanza 0, wewe ukachapa jibu la rsort. Na ukitaka moja tu ya juu, `max($bei)` ipo, wala hupangi kitu.

Mwenye uzi: Sasa na wewe unanipeleka kubangua?

Binti Shangani: Tuwaheshimu wabanguaji jamani. Ile kazi ina ufundi, mafuta ya ganda yanababua mikono. Wewe hata siku moja humalizi.

Mpwa wa Newala: Hilo lako dogo. Mimi nilikuwa na arei ya vijiji na kilo zake, nikaita sort. Majina yote yakapotea, Nanyamba ikawa 0, Kitangari ikawa 1. Diwani akaniuliza kijiji sifuri kiko kata gani. Ndiyo nikajua asort na arsort zinatunza majina.

Nachingwea Moja: Array_filter nayo mchawi. Inaondoa vitu, namba zinabaki na mapengo kama meno ya babu. Nikaipitisha json_encode, ya kugeuza arei iwe maandishi ya kutuma, programu ya simu ikapokea kitu chenye majina (object) badala ya orodha, ikazima. Siku mbili sijalala, dawa ikawa array_values tu, inapanga namba upya.

Fundi Ligula: Hamjakutana na in_array, ya kuuliza kama kitu kimo kwenye arei, ya kabla ya PHP 8. Unaulizia 0 kwenye orodha ya majina ya wilaya, inakwambia ipo. Mpaka mwishoni mwa 2020 ndipo ikarekebishwa. Ukiweka true mwishoni mwa mabano yake inakagua na aina, namba au maandishi.

Mwenye uzi: Wakuu, tunasahau alichoniambia. Mbele ya mkwe.

Pweza Mkavu: Mkwe alicheka?

Mwenye uzi: ...Alianza yeye.

Dar Kwetu: Samahani, hapa ndipo wanauza korosho za kubanguliwa? Nataka kilo tano.

Mpwa wa Newala: Shilingi moja. Muulize mwenye uzi kama ya kilo au ya gunia.

Dar Kwetu: Sijaelewa, ila mzigo uje na basi la usiku.

Nachingwea Moja: Basi gani hilo? Juzi tumelala Somanga, maji yamepita juu ya barabara, tunakula biskuti kama wanafunzi wa bweni.

Binti Shangani: Afadhali nyie mlikuwa na biskuti. Mimi kondakta kaniuzia siti ya dirishani, nafika kuna ndoo ya pweza imekaa. Na ndoo ina tiketi.

Pweza Mkavu: Namba ngapi ya siti?

Binti Shangani: Sitaji, wanajijua.