Mitandao mitano kwa gunia moja la mchele: inalipa au tunachosha vidole tu?

Wadau, hili naomba tulijadili. Nauza mchele wa Kyela hapa soko la Mwanjelwa, Mbeya. Kijana mmoja wa steshenari alinishauri niingie kila mahali: Facebook, Instagram, TikTok na Telegram, mbali na WhatsApp niliyokuwa nayo. Nikaingia. Sasa kila asubuhi, kabla sijafunua hata turubai, nusu saa imekwenda napandisha picha ileile mara tano. Bando halifiki jioni. Wateja? Wa kuuliza "bei gani?" wamejaa, kutoka Dar hadi Mwanza, ukiwatajia nauli ya mzigo, kimya. Wanaolipa karibu wote wametoka kwenye stetasi ya WhatsApp, na wengi wameletana wenyewe kwa wenyewe. Kwangu mimi, mitandao mingi ni kujichosha. Mnasemaje?

*Mdau wa Njombe:* Dada, hapo nakupinga. Mchele wa Kyela nani asiyeujua? Unajiuza wenyewe. Mimi natoa miche ya parachichi aina ya Hass, iliyobebeshwa, yaani kikonyo cha Hass kimeunganishwa kwenye mche mwingine. Mteja wangu yuko Mufindi, mwingine Songea, mwingine Mbozi; hanijui, simjui. Ameniona TikTok nikibebesha, akapiga simu. Ningekaa na WhatsApp peke yake ningeuzia majirani. Tena mlango mmoja ni hatari: X (zamani Twitter) ilipofungwa nchini Mei 2025, waliokuwa na wateja wao huko tu walibaki kuhangaika na VPN, zile programu za kupita kizuizi.

*Mdau wa Iringa:* Mimi ninazo akaunti sita na sina ninachouza. Bando la wiki huisha Jumatano. Endeleeni, nasoma.

*Mwenye mada:* Wa Iringa umenichekesha. Kaka wa Njombe, la miche nakukubalia, maana mche mtu lazima aone kwanza mkono wa anayebebesha. Ila hiyo hoja ya milango ichunguze vizuri. Facebook, Instagram na WhatsApp mwenye nyumba ni mmoja, kampuni ya Meta. Tarehe 4 Oktoba 2021 zilizimika zote tatu kwa pamoja, kwa saa zetu kuanzia jioni, zikakaa kama saa sita. Aliyejiona ana milango mitatu akakuta kufuli ni moja. Na Google+, mtandao wa kijamii wa Google, je? Mwaka 2019 wenyewe waliifunga, picha na maandishi ya watu yakafutwa.

Kinga yangu mimi ni daftari: jina, namba ya simu, kilo anazochukua. Hata mitandao yote ikizima, nampigia kwa kitochi na mzigo unakwenda. Na tofauti yetu kubwa naiona hapa: mche mtu hununua akapanda, basi, kesho unatafuta mwingine. Mchele huisha kila mwezi. Anayenunua kila mwezi hahitaji kunitafuta sehemu tano.

Telegram na Instagram nimezifuta leo. TikTok naiacha wiki mbili, nirekodi kina mama wakipepeta, nione kama kuna atakayevumilia nauli.