Malkia Victoria: bintiye alikuwa na haki ya kuzitia moto shajara za mama yake?

Msomaji_Kimya
Wakuu, habarini. Malkia Victoria wa Uingereza alianza kuandika shajara mwaka 1832 akiwa na miaka 13, akaendelea mpaka siku chache kabla ya kufa Januari 1901. Alitawala miaka 63 na ushee, na karibu kila siku kaiandikia kitu. Kazi ya kuzitunza akamwachia kitinda mimba wake, Beatrice. Sasa Beatrice alifanya nini? Anakaa na daftari la mama, ananakili, anaruka yale aliyoona hayafai watu kuyasoma, akimaliza lile la mama linaingia motoni. Kazi ya miaka mingi hiyo. Leo zimebaki nakala zake, daftari 111, mwandiko wa binti na si wa mama. Mfalme George V, mjukuu wa marehemu, hakupendezwa ila hakuwa na la kufanya.
Swali: alikuwa na haki? Siri za mzazi ni za watoto wake, au ukishatawala watu kiasi kile siri zako zinakuwa za wote? Naomba kuwasilisha.

Mlalahoi_77
Haki anayo. Aliyeachiwa kazi ni yeye, si wewe. Simu yako ukifa leo unataka nani aifungue?

BibiShamba
Mlalahoi, kwa jinsi ulivyorukia habari ya simu nimeshajua yako ina nini.
Tukirudi kwenye mada, mimi naona yule binti alituibia. Kuna bwana mmoja, Lord Esher, alikuwa ameshapigisha chapa nakala ya shajara za mwanzo hadi Februari 1840, moto haujazifikia. Ndiyo maana tunajua kwamba siku chache baada ya harusi Albert alimvisha mkewe soksi kwa mikono yake, na bibi harusi akaenda kumtazama mumewe akinyoa ndevu na kuona raha isiyo kifani. Hiyo ndiyo Victoria. Baada ya hapo tunapata Victoria aliyepita kwenye chujio la mtoto.

Mlalahoi_77
Soksi ndiyo historia? Simu yangu iache, dada.

Kijana_Kisauni
Jamani mnamlilia nani hapa? Huyo si ndiye aliyemkatia mjukuu wake Wilhelm, Kaiser wa Ujerumani, mlima wetu Kilimanjaro kama keki ya birthday? Daftari zake ziungue tu, wallahi.

Mangi_Kibosho
"Mlima wetu"??? Wetu na nani? Kijana, toka Kisauni upande basi mpaka Moshi, uombe maji ya kunywa, ndipo useme neno wetu. Nyie mnaupiga picha kutoka Amboseli halafu mnawaambia watalii uko Kenya.

Kijana_Kisauni
Picha nzuri inatoka upande gani? Jibu hilo kwanza. Mlima unatuelekea sisi, nyinyi mmepewa mgongo. Na msingekuwa nao hata huo mgongo kama bibi hangemuonea huruma mjukuu.

Msomaji_Kimya
Ndugu zangu, mada ni shajara.

Mangi_Kibosho
Mada tutarudi. Huyu hawezi kuniambia nakaa mgongoni mwa mlima wakati kaburi la babu yangu liko huko.

Karani_Mstaafu
Vijana, hiyo hadithi ya zawadi tuliisikia tangu shule ya msingi na haina miguu. Mstari ule wa mpaka, ndio huu wa Kenya na Tanzania wa leo, waliukubaliana Waingereza na Wajerumani mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba 1886. Wilhelm alizaliwa Januari, kwa hiyo zawadi ya siku ya kuzaliwa miezi gani hiyo? Tena 1886 hakuwa Kaiser. Babu yake mzaa baba alikuwa bado kwenye kiti, na Wilhelm amekipata Juni 1888.
Kingine: mwaka 1890 serikali ya Lord Salisbury ilipotaka kuwaachia Wajerumani kisiwa cha Heligoland ili yenyewe iwe na himaya juu ya Zanzibar, malkia alipinga kwa maandishi. Hakutaka kuachia kitu kilichokwisha kuwa mkononi. Kisiwa kidogo kile kilimuuma, awe amegawa mlima? Na hayo tunayajua kwa sababu barua zake za kiserikali hazikuchomwa. Hapo ndipo ninapokubaliana na mleta mada.

Kijana_Kisauni
Mzee wangu shikamoo. Lakini hujajibu. Mstari umenyooka kutoka pwani vizuri, ukifika mlimani unapinda. Kwa nini? Rula iliteleza?

Mlalahoi_77
😂😂 rula iliteleza

BibiShamba
Mnacheka, na mambo ya maana yanapita. Nani hapa amesoma barua alizomwandikia binti yake mkubwa, Vicky, aliyeolewa Prussia? Ni maelfu. Humo anasema waziwazi kwamba mimba zilimchosha, na kwamba watoto wachanga hawamvutii, wakivuliwa nguo wana kukaa kwa chura. Mwanamke mwenye watoto tisa huyo! Barua hizo zimebaki kwa sababu zilitoka nyumbani zikaenda mbali. Zingekaa chini ya mikono ya Beatrice mngezisikia?

Mlalahoi_77
Mama gani anawaita wanawe vyura? Halafu mnataka binti asichome! Ningekuwa mimi ningechoma na kabati lenyewe.

BibiShamba
Tisa, ndani ya miaka 17, kuanzia 1840 hadi 1857. Wa nane, Leopold, ndiye wa kwanza ambaye mama alipewa klorofomu, dawa ya kuua maumivu, ili kumzaa, mwaka 1853, na kuna wachungaji na madaktari walionung'unika. Wewe umezaa wangapi, Mlalahoi? Umewahi hata kushika beseni mlangoni mwa leba? Mwanaume ukilazwa na malaria unaita ukoo mzima.

Mlalahoi_77
Sasa malaria yangu imeingiaje. Ndiyo maana nasema wanawake mkishindwa hoja mnahamia kwenye leba.

Mama_Wawili
Mlalahoi omba radhi.

Dada_wa_Ilala
Omba radhi. Na usiseme ulikuwa unatania.

Mlalahoi_77
Siombi. Nimesema ukweli.

Msomaji_Kimya
Niwape jambo jingine labda tutarudi njiani. Kuchoma hakukuanza na Beatrice. Kulikuwa na Abdul Karim, kijana wa Kihindi aliyefika 1887 kuhudumu mezani, akaishia kuwa mwalimu wa kumfundisha malkia lugha ya Kihindustani. Malkia akajifunza hasa, daftari zake za mazoezi zipo 13. Malkia alipokufa tu, Mfalme Edward VII akaagiza barua za mama yake zilizokuwa kwa Karim zichomwe, na mwenyewe akarudishwa kwao. Karim alifia Agra mwaka 1909. Na kabla ya hapo John Brown, mtumishi wa Kiskoti: malkia alitaka kuandika habari za maisha ya Brown, mchungaji wa Windsor akamsihi mpaka akaacha. Lakini jeneza halikudanganywa. Daktari wake, James Reid, ndiye aliyemwekea mkononi picha ya Brown na nywele zake, kwa maagizo ya malkia mwenyewe, akavifunika kwa maua ili watoto wasivione. Sasa mtu aliyeficha vile, si alitaka afichiwe?

Dada_wa_Ilala
Kwa hiyo alikuwa na mpenzi au hakuwa? Nijibuni kwa ufupi niko kazini.

BibiShamba
Ndiyo hilo swali ambalo kibiriti kimetunyima, dada yangu.

Karani_Mstaafu
Kijana wa Kisauni, marahaba. Sijakusahau. Mstari ulianzia mdomo wa mto Umba, pale karibu na Vanga, ukaja ziwa Jipe, ukaizunguka Taveta na kuiacha kwa Waingereza kwa sababu Mwingereza Harry Johnston alikuwa na mikataba yake pale, halafu ukapita chini ya mlima upande wa kaskazini. Wajerumani waliudai mlima kwa sababu Karl Jühlke, mtu wa kundi la Carl Peters, alikuwa na karatasi ya Mangi (yaani chifu) Rindi wa Moshi ya mwaka 1885. Kabla yake kidogo Jenerali Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi la Sultani Barghash, alishapanda huko, na machifu wakaipokea bendera nyekundu ya Unguja, Rindi akiwemo. Rula haikuteleza.

Kijana_Kisauni
Aaaa! Kumbe hata bibi tunamsingizia. Mlima umetolewa na mangi wenu wenyewe, na amewapa wawili. Dalali kamili!

Mangi_Kibosho
Chunga mdomo. Kwanza Rindi ni wa Moshi, mimi ni wa Kibosho, na Mangi Sina wa kwetu alipigana na Wajerumani kwa risasi mwaka 1891. Pili, hao mangi walitia alama kwenye karatasi ya lugha wasiyoijua. Pwani kwenu aliyeweka saini alikuwa nani, na alikuwa anasoma vizuri kabisa?

Kijana_Kisauni
Usimguse Barghash. Mtu aliyekwenda London 1875 akakaa na huyo malkia ana kwa ana, wakati wa kwenu anagawa bendera kama vipeperushi.

Mangi_Kibosho
Alikwenda miaka miwili baada ya kulazimishwa kulifunga soko la watumwa. Ziara ya mtu aliyebanwa hiyo. Kanywa chai, karudi.

Msomaji_Kimya
Beatrice jamani. Beatrice.

Mlalahoi_77
Nimeshasema haki anayo, na radhi siombi.

Mto_Lumi
Habari za jioni. Mimi ni wa Taveta na nimesoma kuanzia juu. Mnatuzungusha mstari kana kwamba hatupo. Soko letu, maji yetu, nusu ya ndugu zetu wako Holili, upande wa Tanzania. Huyo Johnston aliongea na nani huku, na majina yao mbona hakuna aliyeyataja?