Eti "hakikisha tarehe ya kompyuta yako iko sahihi"!!! Hawa wauza seva wametuzoea

SevaYaMkosi:
Wakuu, leo sina salamu. Mnawajua, wale wa "tunathamini muda wako". Siwataji, hapa nani hajalizwa nao?

Sabudomeni yangu ya malipo (anwani ndogo chini ya domeni kuu) imeamka na ukurasa wa kutisha: muunganisho si salama, cheti (kitambulisho cha tovuti ambacho kivinjari hukikagua) kimekwisha muda. Domeni kuu inafunguka safi, maana ina cheti chake. Kusasisha vyeti ni kazi yao, imo kwenye ankara na nalipia. Na kwa vile waliwasha HSTS (agizo kwa kivinjari kisikubali kabisa muunganisho usio salama) hadi kwenye sabudomeni zote, mteja hata kile kitufe cha "endelea tu" hakioni. Anagonga ukuta, anarudi kwangu na matusi.

Nikafungua tiketi. Nikawabandikia majibu ya openssl s_client (amri ya kukagua cheti cha seva), na -servername (jina la tovuti ninayoiulizia) nimeweka nisije nikaambiwa nimesoma cheti cha jirani. Mstari wa NotAfter, yaani mwisho wa cheti, unasema jana. JANA! Akaja mtaalamu wao: "Mpendwa mteja, tafadhali hakikisha tarehe ya kompyuta yako iko sahihi."

Tarehe. Ya kompyuta. Yangu.

Yaani simu za wateja wangu wote zilikaa kikao usiku zikapitisha kwa kauli moja kwamba leo si leo? Nyumba inaungua, unaniuliza kama nimepima homa? Halafu akaifunga tiketi, "Imetatuliwa", na kakikaragosi kanakocheka juu yake!

"Tarehe ya kompyuta yako." Nikifa waniandikie hilo kaburini, na tarehe wakosee.

KichwaNgumu:
Mkuu umeshusha gazeti zima ila swali la jamaa hujalijibu. Tarehe iko sahihi?

MtuWaTerminali:
😂😂 Pole. Nahisi cheti kipya kipo kwenye diski siku nyingi. Certbot (programu ya kusasisha vyeti) ilisasisha, ila hakuna aliyeiambia Nginx (programu inayohudumia tovuti) isome upya, kwa hiyo inaendelea kugawa cha zamani kilichomo kwenye kumbukumbu. Linganisha `certbot certificates` na ulichoona kwa openssl. Vikitofautiana, `systemctl reload nginx`, umemaliza. Kisha waweke --deploy-hook (amri inayojiendesha cheti kikishasasishwa) yasijirudie.

SevaYaMkosi:
Niingie na nini mkuu? Wamenipa paneli ya vitufe vya rangirangi, seva yenyewe siigusi. Hayohayo nimewaandikia kwenye tiketi mpya. Unajua wamejibu nini? TAREHE. Neno kwa neno, na kikaragosi kilekile.

KichwaNgumu:
Basi na wewe kagua tu yaishe.

Poti80Imefungwa:
Wewe ushukuru umejibiwa. Mimi walifunga poti 80 (mlango wa HTTP ya kawaida) "kwa ajili ya usalama", wakati uhakiki wa HTTP-01, wa kuthibitisha domeni ni yako ndipo upewe cheti, unapita hapohapo. Usasishaji ukafeli kimyakimya hadi cheti kikafa. Kuuliza, naambiwa ni kwa usalama wangu. Kweli niko salama, hakuna anayeingia, hata mimi mwenyewe.

ShangaziDNS:
Mimi niliuziwa cheti cha nyota (chenye * mbele ya domeni) "kinachofunika kila kitu". Nikaweka api.majaribio mbele ya domeni yangu, kikagoma. Kumbe nyota inafunika ngazi moja tu! Hela walikuwa wameshachukua.

SevaYaMkosi:
Jamani turudi kwenye tarehe.

MlinziWaUsiku:
Bado hamjalia. CA/Browser Forum (umoja wa watoa vyeti na watengeneza vivinjari) walishapitisha mwaka 2025: cheti kinachotolewa kuanzia 15 Machi 2026 mwisho siku 200, Machi 2027 siku 100, Machi 2029 siku 47. Na Let's Encrypt, wale watoa vyeti vya bure, waliacha kutuma barua pepe za kukumbusha tangu Juni 2025. Hao wanaosahau cha mwaka mzima, cha siku 47 watakiweza?

KichwaNgumu:
Siku 47! SevaYaMkosi itabidi aajiri mtu wa kumwangalizia tarehe.

SevaYaMkosi:
@KichwaNgumu wewe ni mfanyakazi wao. Sasa nimeamini.

MpitaNjia:
Mnalia na vyeti, mmejaribu kuingia kwenye akaunti zao siku hizi? Ile kapcha ya kubonyeza picha za taa za barabarani. Nguzo inahesabika au haihesabiki?

Poti80Imefungwa:
Haihesabiki. Taa tu.

ShangaziDNS:
Inahesabika. Mimi naibonyeza kila siku na napita.

Poti80Imefungwa:
Unapita baada ya kuletewa pikipiki na ngazi na mabasi, shangazi, usitudanganye.

MtuWaTerminali:
Kile kipande chembamba cha nguzo kinachoingia kwenye mraba wa pembeni ndicho mtihani wenyewe.

MlinziWaUsiku:
Mambo ya kapcha yafunguliwe uzi wake, hapa ni vyeti.

MpitaNjia:
Nimeshafungua. Njooni huku, ShangaziDNS anashindwa.